Siku Paskazia Alipokaa Mezani

Paskazia nilimjua kwa goti lake. Nyuma ya jengo letu hapa Dubai, Jumeirah Village Circle, pana kiwanja kidogo cha watoto, na jua likishapoa wafanyakazi wa majumbani huteremka na watoto wa mabosi wao. Nami huteremka, maana mwanangu na mkewe hutoka kazini usiku umeshaingia, na mtu mzima hawezi kushinda na televisheni kama mgonjwa. Basi jioni moja akaja mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kashika pacha wawili wa kike, mmoja huku mmoja huku. Akaona kanga yangu, akawaachia watoto, akaja akapiga goti. Goti la kweli, lililogusa chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafua nguo."

Sikuweza kumwachisha. Kwao Muleba, mkoa wa Kagera, mwanamke aliyelelewa vyema humwamkia mkubwa kwa goti, na kitu akimpa humpa kwa mikono miwili. Msomaji aikumbuke hiyo mikono miwili, kwani ndiyo iliyomponza.

Alikuwa mjane. Mume alimwacha na mtoto mmoja tu, Emiliana, na kishamba cha migomba ambacho ndugu za mume walikianza kukimega kabla matanga hayajaanuliwa. Paskazia hakugombana nao. Alimpeleka mtoto kwa dada yake Bukoba, naye akaenda Dar es Salaam kwa wakala, na wakala akamleta huku. Mwaka ule walikuja kikundi, wengine Watanzania, wengine Waganda. Mmoja wa Waganda hao, Prossy, alilala naye chumba kimoja mpaka walipogawanywa kwenye nyumba. Prossy hakumaliza hata mwaka. Alimwomba bosi wake pasi yake ya kusafiria, kesho yake akaambiwa ana nia ya kutoroka, na wiki haikwisha akawa kesharudishwa kwao. Paskazia aliliweka hilo moyoni kama fundisho: pasi haiulizwi.

Yeye mwenyewe aliangukia nyumba njema. Mabosi wake walikuwa Wamarekani weusi, watu wa Texas. Sir alikuwa mhandisi, mpole, hana maneno. Madam alikuwa mwalimu wa historia, na historia yenyewe ni ya watu wake: utumwa, vita vya kuuondoa, katiba yao ilivyobadilishwa mara hii na mara ile mpaka mtu mweusi akahesabiwa mtu. Aliwafundisha hata wale pacha wake. Wakibembea pale kiwanjani utawasikia wanaimba vifungu vya katiba kama watoto wetu wanavyoimba juzuu amma. Paskazia aliwapenda, nao walimpenda. Chakula alikula wanachokula wao. Chumba alikuwa nacho, kidogo, karibu na jikoni, lakini chake.

Na pasi yake ilikuwa katika sefu ya madam.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa Mei, mwaka 2018. Emiliana alikuwa kapata mchumba, mahari imeshapokelewa, na kamati imepanga sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, iwe Jumamosi ya mwisho wa Juni. Katika sherehe hiyo huja wakati mshereheshaji akawaita wazazi wa binti wasimame, wamkabidhi mtoto wao kwa watu wa upande wa pili. Baba hayupo. Atakayesimama ni mama. Asipokuwepo mama, atasimama shemeji yake Paskazia, yule yule wa kumega shamba.

Na shemeji huyo alikuwa hajakaa kimya. Mbele ya kamati nzima alisema mama yake Emiliana wasimtegemee, kwa sababu ameuzwa Uarabuni, na mtu aliyeuzwa hana miguu yake, mpaka mwenye mali amruhusu. Watu walicheka. Emiliana hakucheka. Alimpigia mama yake simu akilia, akamuuliza: "Mama, ni kweli?"

Paskazia alinieleza haya huku akimfunga mtoto mmoja kamba za viatu. Hakulia. Aliniambia, "Bibi, kukosa sherehe naweza kuvumilia. Ila Emiliana asimame mbele za watu, na aliyesema mama yake ni bidhaa ndiye amkabidhi. Hapana. Hiyo hapana."

Nikamuuliza kama ameomba ruhusa. Akasema ameomba. Nikamuuliza ameombaje, maana namjua. Kumbe alimwendea madam asubuhi, madam anatafuta funguo za gari, akamwambia kama inawezekana, mwisho wa Juni, kuna sherehe kidogo ya familia. Madam akajibu kuwa Juni ni vigumu, mama yake mzazi anakuja kutoka Amerika, wangoje Agosti. Paskazia akasema "Yes, madam," akarudi kuosha vikombe.

"Sherehe kidogo ya familia," nikamwambia. "Mtoto wako wa pekee anaolewa, nawe unamtaja kama ubwabwa wa hitima."

"Bibi, mkubwa huwezi kumbana."

"Na pasi?"

Akawaita pacha, akasema wakati wa kuoga umefika.

Katika jengo letu kulikuwa na mlinzi Mkenya, Lawrence, kijana wa Kakamega, hodari wa kusoma magazeti ya kwenye simu. Huyu alikuwa kamwambia siku nyingi kwamba imetoka sheria mpya ya wafanyakazi wa majumbani, kwamba pasi ni ya mwenyewe na akae nayo mwenyewe. "Auntie Paska," alimwambia, mbele yangu, "kwani wewe ni parcel, mtu akuweke kwa locker?" Paskazia akamjibu, "Lawrence, wewe kaa ulinde geti. Visa yangu huilindi wewe." Wakacheka wote wawili, na mambo yakaishia hapo. Sheria ilikuwepo. Lakini Prossy naye alikuwa kichwani mwake, na Prossy alikuwa na nguvu kuliko gazeti.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Mama yake madam akaja, mwanamke wa rika langu, mnene kiasi, nywele nyeupe kazikata fupi kama mwanamume. Jioni ya pili tu akateremka kiwanjani na wajukuu, akajitupa kwenye benchi langu bila kubisha hodi, akaanza kusema. Mie Kiingereza changu ni cha skuli ya wasichana Unguja, darasa la nane, na tangu hapo nimekitumia kusomea vibandiko vya dawa. Kiarabu nakijua, yeye hakijui. Basi Paskazia akawa ndiye ulimi wetu. Alisimama nyuma ya benchi akitafsiri, na bibi wa Texas kila mara akimpigia pigia benchi akae, naye haketi.

Tulikuta tuna mengi. Yeye kazaliwa kisiwani, Galveston, nami kisiwani. Alipokuwa mdogo ufukwe wa kwao ulikuwa na upande wa weusi, na mama yake alikuwa akimkamata mkono asije akavuka hata akifuata mpira. Nikamwambia kuwa nilifika Dubai mwaka wa sabini, hizi Emirati hazijaungana, na hadi leo ukaazi wangu unahuishwa. Mwanangu kazaliwa Deira, hajui mji mwingine, na naye kila baada ya muda huenda kupimwa damu ili aendelee kukaa mahali alipozaliwa. Bibi yule akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu. Akasema kwao mtu akizaliwa katika nchi ni raia, imeandikwa katika katiba, na waliosababisha iandikwe ni watoto wa watumwa. Kabla ya hapo mahakama yao kubwa ilikuwa imekwisha sema mtu mweusi hawezi kuwa raia, awe mtumwa au huru.

Siku ile akanialika. Wana sikukuu yao, alisema, ya kukumbuka uhuru. Rais wao alikuwa ametangaza uhuru wa watumwa wakati vita vinaendelea, lakini Texas ni mbali, mabwana wakanyamaza, pamba ikaendelea kuchumwa. Miaka miwili na nusu ilipita ndipo jeshi likaingia Galveston na jenerali akatoa amri isomwe hadharani. Siku hiyo ndiyo wanayoiadhimisha. Mwaka huo waliisogeza mbele mpaka Ijumaa, siku ya mapumziko.

Ijumaa hiyo nikavaa dera langu la hariri, nikapanda ghorofa ya juu. Nyama zote zilikuwa za halali, madam alinihakikishia mlangoni. Sikukuu hiyo lazima kuwe na kitu chekundu, chakula au kinywaji, na Paskazia alikuwa kachemsha yale maua ambayo hapa tunayaita karkade na kwao huyaita rozela, kaweka tangawizi na barafu. Mezani walikuwa madam na sir, bibi wa Texas, pacha, na walimu wawili, mke na mume, wanaofundisha na madam.

Paskazia alipotua bakuli la mwisho akageuka kurudi jikoni. Bibi akamshika kiuno cha aproni. Katika nyumba yake, akasema, siku hii hakuna anayesimama nyuma ya kiti cha mwenziwe, kila mtu hujipakulia. Madam akasema, "Mama, hatapenda, ataona haya." Bibi akajibu kwamba halafu mgeni wake, yaani mimi, ataongea na nani? Ndivyo Paskazia alivyokaa mezani, ubavuni mwangu, kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja basi.

Desturi ya ukoo wao ni kwamba baada ya kula kila mtu mezani husimulia jinsi habari ya uhuru ilivyowafikia watu wake. Akaanza bibi. Mama wa bibi yake alikuwa msichana wa jikoni katika nyumba ya tajiri mmoja. Amri iliposomwa mjini, mtu akaja mbio kuwaambia. Bibi mwenye nyumba akasema sawa, wamesikia, lakini amalize kwanza vyombo. Yule msichana akatazama mikono yake ndani ya maji ya sabuni. Akaitoa, akaikausha kwenye sketi yake, akatoka. Vyombo akaviacha majini. Pacha wakapiga makofi. Ilionekana wanaijua hadithi hiyo na wanapangoja pale pa vyombo.

Kisha pacha wakaghani vifungu vyao: kimoja kilichofuta utumwa, kimoja cha uraia kwa kila aliyezaliwa, kimoja cha kura. Bibi akacheka kwa pua, akasema wasisahau kuwa vifungu hivyo vilikuwa na miaka karibu mia, na yeye bado anashikwa mkono asivuke upande wa pili wa ufukwe. Karatasi ilishafika, akasema, ila watu wa kuitii walikuwa bado njiani.

Paskazia alikuwa akinitafsiria yote hayo, kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na nyumba ile ilikuwa baridi kama duka la nyama.

Zamu yangu ikafika. Nikawaambia habari ya jirani yetu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, nilipokuwa mtoto, Bi Masuda. Mama yake alikuwa mtumwa wa shamba. Kwetu, nikasema, sheria ya kuwaacha huru watumwa haikumfuata mtu nyumbani. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende kortini kwa miguu yake, auombe. Wengi walikwenda. Mama wa Bi Masuda hakwenda. Bwana wake hakuwa mtu mbaya, hakumpiga, alimlisha, na yeye aliona aibu kumwambia mtu aliyemlea kuwa anataka kumwacha. Alisema atakwenda baada ya mavuno. Akasema atakwenda baada ya mtoto kukua. Akafa yuko shamba lile lile, na sheria ina miaka chungu nzima. Bi Masuda alikuwa akituambia watoto: mama yangu hakufungwa na mtu, alifungwa na adabu.

Paskazia akatafsiri. Nilimsikia akienda vizuri, sentensi baada ya sentensi, mpaka nikajua kwa nyuso zao kuwa nimekwisha. Lakini yeye hakwisha. Akaendelea. Macho yake yalikuwa kwenye jagi la rozela, na Kiingereza kikawa kinatoka polepole. Nikasikia "Emiliana." Nikasikia "passport." Nikasikia "Saturday." Madam akaweka kijiko chini.

Maneno yaliyofuata Paskazia alinieleza baadaye, nami nimeyaweka kama alivyonipa.

Madam alisema, "Lakini ulinipa mwenyewe. Siku ya kwanza kabisa. Nilikuuliza, nikutunzie? Ukanipa kwa mikono miwili, ukapiga goti. Nilidhani unanishukuru."

"Uliunyoosha mkono, madam," Paskazia akasema. "Kwetu mkubwa akinyoosha mkono, unampa. Na kila mtu aliniambia huku pasi inakaa kwa bosi. Ningekujibu nini?"

"Miaka minne?"

"Ulikuwa na ufunguo, madam. Mimi nilikuwa na yes."

Mwalimu mgeni akakohoa. Sir, yule asiye na maneno, akasema kwamba walijua sheria imetoka, walizungumza juu yake chumbani, wakaambizana ni kwa usalama tu, nyumba ina watoto. Aliyasema akitazama sahani. Madam akamuuliza Paskazia mbona hakusema kuwa ni arusi ya mtoto wake. Paskazia akasema alisema sherehe ya familia. Nikamwona mama yule kijana, msomi, watu wake walivyoteseka amevifundisha vizazi, na nikamhurumia. Lakini sikumwondolea lawama, wala simwondolei leo. Goti lilimdanganya, sawa. Ila mwenye sefu ndiye aliyekuwa akiifungua kila wiki kuchukua vidani vyake, na pasi ile ilikuwa pale ikimtazama.

Bibi wa Texas alisukuma sahani yake kando. Alimwambia bintiye, "Kailete."

Madam akaenda. Tukasikia sefu ikilia tiii, tiii, chumbani. Akarudi na kile kijitabu, akakinyoosha mezani juu ya mabakuli. Na Paskazia, kwa mazoea, akainuka, akaitanguliza mikono yote miwili, na magoti yakaanza kukunjika. Bibi akamdaka kwenye kiwiko, kwa nguvu ambazo sikuzidhania, akamshikilia wima mpaka pasi ikawa mkononi mwake.

Ikabaki habari ya siku. Madam alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha ugomvi, kwamba wiki hiyo ana mitihani ya kusahihisha, nani atakaa na watoto? Mama yake akamwambia yeye hakuja Dubai kutazama maghorofa. Alilea watano kwa mikono yake, na vyombo anavijua. Pacha mmoja akauliza, "Bibi, utaviacha majini?" Hapo ndipo watu wakapata pumzi.

Paskazia aliondoka katikati ya wiki, usiku wa Jumatano. Lawrence ndiye aliyemteremshia sanduku, akamwambia, "Parcel imejifungua," akapigwa kofi la bega. Sendofu niliiona kwenye simu: ukumbi wa parokia, vitambaa vya zambarau, na Paskazia kavaa kitenge kipya, mgongo umenyooka kama mlingoti. Basi kutoka Mwanza lilikuwa limeharibika njiani, akaingia ukumbini wakati mshereheshaji keshawaita wazazi. Shemeji yake alikuwa ameshasimama, kafunga vifungo vya koti, kikaratasi cha hotuba mkononi. Paskazia akatembea katikati ya meza, vumbi la safari likiwa bado miguuni.

"Nikamwambia tu, Shemeji, kaa. Mwenye mtoto amefika," Paskazia alinisimulia baadaye.

"Akakaa?"

"Alikaa, Bibi. Angesimama na nani?"

Emiliana alilia mpaka poda ikaharibika, na picha zote za kukabidhiwa zimetoka hivyo. Paskazia anasema hizo ndizo nzuri.

Alirudi Julai, kwa kuwa mwenyewe alitaka kurudi. Mkataba ulikuwa bado, na nyumba ile alisema sasa ataweza kukaa. Madam alimpokea uwanja wa ndege yeye mwenyewe. Waliketi wakazungumza juu ya siku ya mapumziko ya kila wiki, na Ijumaa Paskazia sasa huenda kanisani, kisha Al Quoz kuwaona watu wa kwao wanaofanya kazi viwandani. Huwapa habari za sheria, nao humpa senene wa kukaanga wakiletewa kutoka nyumbani. Madam hunisalimia kwenye lifti, nami humjibu vizuri. Mara moja aliniuliza, kwa Kiingereza cha pole pole, kama nadhani yeye ni mtu mbaya. Nilimwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba mama yake ni mwanamke hodari, na hilo alilielewa.

Jioni ya kwanza tangu arudi, Paskazia aliteremka kiwanjani na pacha. Alinipigia goti kama kawaida yake. Hilo ni la kwao, na simwombi aliache. Kisha akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa pasi, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Bibi, naomba uniwekee. Chumbani kwangu watoto wanachokonoa kila kitu, na wewe ni mtu mzima, haitapotea."

Sikunyoosha mkono. Pacha walikuwa kwenye bembea.

"Paskazia," nikamwambia, "nenda pale dukani kwa Mhindi ukanunue kimkoba cha zipu."

Akaitazama ile mikono yake miwili, akacheka mpaka akakaa, kwa mara ya kwanza, kwenye benchi langu.